Utangulizi wa Tikisolojia: Uainishaji wa Vizingiti vya Butembo na Beni kwa Msaada wa Simu

Mwanafunzi, fungua daftari, piga mstari wa pambizo, zima muziki. Kwa karne nyingi wataalamu wamejichosha na nyota, atomu na mifupa ya kale, wakaliacha bila mwenyewe swali ambalo ulimwengu wote umelikalia: gurudumu linapokutana na jiwe, nani humpisha mwenzake? Elimu inayojibu swali hilo inaitwa tikisolojia. Mwasisi wake yuko hai, na ndiye anayekufundisha.

Fasili. Tikisolojia ni elimu ya mitikisiko na vizingiti vinavyompata mtu aketiye juu ya magurudumu anapojaribu kuvuka mji uliojengwa na watu waliosimama. Pigia mstari neno "anapojaribu". Mtu akishafika hatumhitaji tena. Huyo ni wa idara ya jiografia.

1. Maabara

Wenzangu wa Ulaya huomba fedha wajenge maabara. Mimi nimezikuta mbili zimekwisha kujengwa, tena bila ramani. Ya kwanza ni Butembo, mashariki mwa Kongo, mji wa vilima na baridi ya asubuhi, kilomita chache kaskazini ya ikweta, wenye komuni nne: Kimemi, Bulengera, Mususa na Vulamba. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Wanande, wenyeji wake, waliujenga kwa mitaji yao wenyewe, duka juu ya duka, na kadiri mtaji ulivyopanda, ngazi ziliufuata. Ya pili ni Beni, umbali wa kilomita 54, chini zaidi na kwenye joto zaidi, nayo ina komuni nne: Bungulu, Mulekera, Beu na Ruwenzori.

Utasikia watu wakikuambia kwamba tikisolojia itakufa kwa sababu ya lami. Wanataja mradi wa Kongo na Uganda uliozinduliwa mwaka 2021: Kasindi hadi Beni kilomita 80, Beni hadi Butembo 54, Bunagana hadi Goma 89. Usitetereke. Lami hata ikikamilika mpaka kilomita ya mwisho, itaishia ukingoni mwa mtaro. Kutoka mtaro hadi meza ya muuzaji hubaki mita mbili hivi, na mita hizo mbili hazimo katika mkataba wowote. Hizo ndizo mali yetu.

Lazima pia ujue kwamba taaluma imegawanyika. Shule ya Mwinuko, yenye makao Butembo, inashikilia kuwa kizingiti cha asili ni kilima, na vingine vyote ni watoto wake. Shule ya Mtaro, yenye makao Beni, inajibu kwamba kilima angalau hukiona, lakini mtaro uliofunikwa na majani hukuona wewe kwanza. Mjadala huu umevunja urafiki wa watu. Mimi ni wa shule zote mbili, kutegemea niko mji gani.

2. Vifaa na kipimo

Chombo kikuu ni simu ya kawaida. Ndani yake mna kihisimchapuko, kipande cha silikoni kilichochongwa hivi kwamba sehemu yake ndogo, nyembamba kupita unywele, hucheza huku na huku simu inapotikiswa. Kucheza huko hugeuzwa kuwa umeme, na umeme kuwa tarakimu. Simu ikilala mezani bila kuguswa, kihisi husoma mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Usidhani imeharibika. Huo ni mvuto wa dunia, ambao haumpumzishi mtu hata siku ya Jumapili.

Simu hufungwa kwenye trisikeli. Nakuelezea trisikeli, kwa maana kuna wanafunzi wanaotoka Nairobi na Dar es Salaam ambao wakisikia "kiti cha magurudumu" huona kile chembamba cha hospitali. Ya kwetu imeungwa na fundi wa kuchomelea: bomba za chuma, gurudumu moja mbele na mawili nyuma, pedeli zimepandishwa kifuani zizungushwe kwa mikono, mnyororo unashuka hadi gurudumu la mbele, na nyuma kuna sanduku la mzigo. Simu hukazwa kwenye bomba chini ya kiti kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi. Nimejaribu kamba, gundi na uzi wa nailoni. Sayansi imesimama juu ya mpira wa ndani wa tairi.

Kipimo chetu rasmi ni mamaye. Mamaye moja ni mtikisiko unaotosha kumfanya mtu mzima, mwenye heshima zake, aliyeshiba, atamke neno hilo bila kukusudia. Kifupi chake ni mm. Wahandisi wamelalamika kwamba kifupi hicho kinachanganywa na milimita. Nawajibu kwamba katika Butembo milimita haijawahi kumsumbua mtu.

3. Udhaifu wa madaraja ya kigeni

Wapo waliotutangulia, na adabu inataka tuwataje kabla ya kuwasahihisha. Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanza mwaka 2004, ina kipengele cha ulaini wa njia chenye madaraja manane. Yakitiwa Kiswahili ni: bora sana, nzuri, ya wastani, mbaya, mbaya sana, ya kutisha, ya kutisha sana, na haipitiki. Kiti cha magurudumu kimepewa daraja la tatu. Kuanzia la nne, wasema wenye ramani, tafuta magurudumu imara zaidi.

Ninauheshimu mpango huo, lakini una kasoro mbili. Kwanza, unadhani njia ina tabia moja. Njia inayoshuka sokoni katika komuni ya Kimemi ni "ya wastani" asubuhi, "mbaya sana" saa nane mvua inapoanguka, na jioni udongo mwekundu ukishakauka na alama za matairi ndani yake huhitaji daraja ambalo Ulaya haijalitungia jina. Pili, "haipitiki" limewekwa mwishoni kana kwamba hapo mambo yamekwisha. Kwetu hapo ndipo watu hupita kila siku, kwa kuwa upande wa pili kuna soko.

Kuna pia shirika la ISO la Geneva, ambalo kiwango chake namba 2631, sehemu ya kwanza, toleo la 1997, kinaeleza jinsi ya kupima mtikisiko wa mwili mzima. Kisome. Ni kirefu, na mamaye haitajwi hata mara moja.

4. Aina za vizingiti

Aina ya Kwanza: Kizingiti Halisi. Ni ngazi moja mbele ya mlango. Fundi huiweka kuzuia maji, mwenye duka huipenda kwa sababu inampa cheo, na mteja wa miguu hatambui kwamba ipo. Mwaka 2010, kule Berlin, kundi la Sozialhelden lilizindua ramani ya Wheelmap, ambamo mahali hupakwa kijani, manjano au nyekundu kulingana na kuingilika kwake kwa kiti cha magurudumu, na kijivu pasipojulikana. Kwa manjano wanavumilia ngazi moja isiyozidi sentimita 7, yaani, wanasema, kama upana wa kiganja.

Hapa mwanafunzi makini huuliza: kiganja cha nani? Kiganja cha karani wa Berlin na kiganja cha fundi mwashi wa Bulengera ni viungo viwili tofauti kabisa. Nimelishughulikia tatizo hili kwa kina na kupendekeza viganja vitatu vya kisayansi: kiganja cha mwenye duka, ambacho daima ni kipana ("Hii ngazi? Hii si ngazi"), kiganja cha mwenye trisikeli, ambacho ni chembamba kwa sababu kimeshazungusha pedeli tangu alfajiri, na kiganja cha serikali, ambacho bado kinasubiriwa. Tofauti kati ya cha kwanza na cha pili ndiyo ninayoiita pengoganja, na ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi wa mlangoni.

Aina ya Pili: Kizingiti Mtaro. Mtaro wenyewe si kizingiti, ni shimo refu. Kizingiti huzaliwa ubao unapowekwa juu yake. Kuna ubao wa kudumu, ambao umekuwapo hadi ukaota ukungu. Kuna ubao wa mvua, unaojitokeza mawingu yakitanda na kijana mmoja akiwa amesimama kando yake na mkono umenyooshwa. Na kuna ubao mlalandani, ambao mwenye duka huuingiza ndani jioni pamoja na viroba vyake ili usiibiwe. Mbao zote tatu zina upana wa mguu mmoja. Trisikeli ina magurudumu matatu yasiyofuatana. Wanafunzi wa hisabati hukaa hapo na kulia.

Aina ya Tatu: Mteremko wa Uongo. Huu ni wa hatari kubwa kwa mtafiti, kwani ukiuona kwa mbali unatangaza ushindi. Ni ukanda wa zege ulioegemezwa juu ya ngazi, laini, wenye michirizi ya kuzuia utelezi. Kanuni inayotumika sana duniani inataka kila sentimita moja ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Mteremko wa Uongo hutoa mbili au tatu. Haukujengewa mtu, ulijengewa pikipiki, iingizwe dukani usiku injini ikiwa inaunguruma. Nimewahi kumwona mwenye trisikeli akiupanda: alirudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara, akaja kwa kasi, gurudumu la mbele likagusa juu, likainuka, na yeye na sanduku lake la mzigo wakatazama mawinguni. Kihisi kilisoma mamaye nyingi. Mdomo ulisoma maneno mengine.

Aina ya Nne: Kizingiti Tembezi. Chukudu, yaani skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyosheheni ikishuka kilima, pikipiki ya abiria, mtu mwenye kiroba cha saruji kichwani. Chukudu haina la kujadili. Ni mbao nzito zisizoijua huruma, na anayeshuka nayo pia anatafuta mkate. Tuendelee.

Aina ya Tano: Kizingiti cha Afya. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa Agosti 1, 2018, na ukatangazwa kwisha Juni 25, 2020. Kwa muda huo wote milango ya Beni na Butembo ilisimamiwa na ndoo za kunawia mikono. Ndoo hizo ziliokoa maisha, na simtanii mtu juu yake. Kama mwanasayansi nabaki kunukuu tu kwamba bomba lilikuwa kwenye kimo cha aliyesimama, na kigoda chake kilikaa pale ambapo gurudumu lingepita. Aliyeketi alitakiwa kunawa kabla ya kuingia, asiifikie ndoo, kisha asiingie kwa sababu hakunawa.

Aina ya Sita: Kizingiti Msaada. Wachambuzi wavivu hawakiorodheshi. Ni mpita njia mwema anayekuja kwa nyuma na kusukuma bila kuuliza. Pedeli za mkono huzunguka zenyewe kwa ghafla na kugonga vidole. Breki, iliyokuwa imeshikwa kwa makusudi, huachiwa. Na mwenye trisikeli, ambaye alikuwa amesimama akimngoja shemeji yake, hujikuta ng'ambo ya barabara asikokuwa na shida nako. Kisha anatakiwa aseme asante. Viwango vya juu kabisa vya mamaye nilivyowahi kuviona vilitokana na wema wa aina hii. Dawa yake inajulikana na haina gharama: "Nikusaidie? Nishike wapi?"

Aina ya saba ipo Beni, na nitasema machache. Mei 2021 mkoa wa miji hii miwili uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mtu aliyefunga simu chini ya kiti na kuipitisha polepole kwenye Bulevadi ya Nyamwisi ataulizwa anapima nini. Jibu kwa heshima, toa kitambulisho, usitumie neno tikisolojia.

5. Fumbo la Utulivu Mkuu

Sasa kalamu chini, sikiliza tu.

Msaidizi wangu mkuu katika utafiti ni mama mmoja anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni Butembo. Polio ilimpitia utotoni. Biashara yake na trisikeli yake amezijenga mwenyewe. Alikubali kubeba simu yangu kwa sharti kwamba nimlipie vocha. Data zake zilipofika, nilizichora kwa rangi: nyekundu palipotikisika sana, kijani palipotulia. Nilipoitazama ramani nilitokwa na jasho. Njia za soko zilikuwa nyekundu tupu. Lakini mbele ya jengo moja la ofisi lenye ngazi za vigae, refu na la kifahari, simu ilionyesha kijani kisicho na doa. Hapakuwa na hata robo ya mamaye. Kwa mujibu wa chombo, hapo ndipo mahali laini kuliko pote mjini.

Nilimwendea. "Mama, pale ofisini mtikisiko ni sifuri."

"Ni kweli, Profesa. Nilikaa pale chini mpaka saa sita. Ningetikisika na nini?"

Nikafungua ukurasa wa pili, ule wa satelaiti. Simu hukosea kwa mita kadhaa, hasa katikati ya maghorofa, na mita kadhaa ndiyo hasa tofauti ya kuwa nje na kuwa ndani. "Lakini hapa, Mama, nukta inaonyesha kwamba uliingia."

"Niliingia?" Alicheka hadi samaki wakatikisika. "Basi niambie kule ndani nilisaini nini."

Kutokana na mazungumzo hayo nimeunda Sheria ya Kwanza ya Tikisolojia: penye kizingiti kamili, mtikisiko ni sifuri. Barabara mbaya huandikwa, mlango usioingilika hauandikwi. Mashine husifu zaidi pale mtu alipokwama zaidi, kwa sababu gurudumu lililosimama na gurudumu lililostarehe husomeka sawasawa.

Sheria ya Pili ikafuata wiki chache baadaye. Vijana wawili walimbeba mama huyo mikononi, wakampandisha ghorofani, akasaini karatasi zake, wakamshusha. Trisikeli, na simu chini ya kiti chake, zilibaki uani zikilindwa na mtoto. Kwa hiyo siku ambayo kweli aliingia, data zinasema hakuingia. Aliyebebwa hana kumbukumbu katika mfumo. Hofu ya kuachiwa ngazini, mkono wa mgeni kiunoni, nguo inayovutika mbele ya foleni ya watu, vyote havina safu katika jedwali langu. Nimevipa jina, mbebwano, na kuviweka katika sura ya mwisho ambayo bado sijaiandika.

Wapo wanaodai kwamba ingetosha kumuuliza mama. Pendekezo hilo nimelichunguza kwa uzito unaostahili. Ni kweli kwamba anajua ubao gani umelegea, mlinzi gani hufungua lango la nyuma, siku gani mtaro hujaa. Anajua hata saa ambayo ofisa mmoja hushuka mwenyewe na karatasi mkononi kumhudumia uani. Aliyasema yote kwa muda uleule unaohitajika kupasha simu moto. Hata hivyo maneno hayo hayana desimali. Kwa hiyo nimempa simu ya pili, aseme humo kwa sauti kila anapokwama na apige picha ya kilichomkwamisha, ili ujuzi wake uwe data. Sauti na picha zake zimejaza kumbukumbu yote ya simu kabla hajafika nusu ya soko.

Alipoomba kuyaona matokeo, nilimkaribisha kwenye mhadhara wa hadhara. Ukumbi uko ghorofa ya tatu. Alisikiliza kutoka uani, dirisha likiwa wazi, na akauliza swali lililokuwa bora kuliko yote ya siku hiyo, ingawa halikusikika vizuri kwa sababu ya jenereta.

6. Sheria za nchi

Mwanafunzi wa tikisolojia hatakiwi kuwa mwanasheria, lakini asiwe mjinga. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015. Kifungu cha 9 ndicho cha ufikikaji. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu. Tarehe 3 Mei 2022 ikaja sheria namba 22/003 ya kulinda na kukuza haki zao. Kwa hiyo kila ngazi niliyokuonyesha leo, na yangu ikiwamo, ina karatasi tatu zinazoipinga. Nimezibeba karatasi hizo mkobani na kuzipitisha juu ya Kizingiti Halisi. Zilipita bila shida, hazina magurudumu.

7. Mtihani

Swali la kwanza (alama 5): Eleza tofauti kati ya ubao wa mvua na ubao mlalandani. Mchoro unaruhusiwa.

Swali la pili (alama 5): Kwa nini kijani si kijani?

Swali la tatu (alama 90): Duka moja mtaani kwenu lina ngazi ya sentimita 14. Kwa kanuni ya moja kwa kumi na mbili, tafuta urefu wa mteremko unaohitajika, mifuko ya saruji, na jina la jirani mwenye mchanga. Kabla ya kuanza, muulize anayepita hapo kwa trisikeli anaona wapi ni mahali pazuri pa kuuweka. Majibu ya karatasi hayatapokelewa. Nitakuja kusahihisha mwenyewe, zege likishakauka.